Rangi Ikikauka

Idara ya Makazi na Ustawi wa Familia, baada ya kutafakari kwa kina na kumaliza katoni kadhaa za maji ya chupa, imetamka kwamba kila nyumba inayokamilika ni familia moja zaidi iliyopata makazi ya kudumu. Imetamka pia kwamba mtoto mwenye makazi ya kudumu ni mtoto mwenye utulivu, na mtoto mwenye utulivu ni hazina. Kwa hiyo, ili hazina iongezeke, yeyote atakayekamilisha nyumba yake kabla ya mwezi kwisha, rangi ikiwa imekauka ukutani na vitasa vikiwa milangoni, atasamehewa ushuru wa ujenzi wa mwaka mzima. Tamko hilo lilisomwa na afisa wa idara katika uwanja wa shule ya msingi, mbele ya ukuta uliokuwa umetoka kupakwa rangi ya mafuta kwa heshima yake, na watu wakapiga makofi. Waliokuwa na nyumba zinazokaribia kwisha walipiga kwa nguvu zaidi.

Nyuma kabisa ya mkutano alikuwapo mwanamke mmoja ambaye hakupiga makofi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Mmoja ulikuwa umemshika binti yake kifundo cha mkono, kama mtu aliyekamata mwizi na hana uhakika kama polisi watakuja. Mwingine aliuegemeza ukutani bila kufikiri, na ulipotoka ulitoka na rangi.

Huyo ni Mama Mashuka. Jina amelipata kazini: anafua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni iliyoko barabara kuu. Ni kazi anayoiweza, na anaichukia kwa sababu moja tu. Ukutani kwa mapokezi kuna ubao wa funguo, kila ufunguo umefungiwa kipande cha mti kikubwa kama mwiko, ili mgeni asisahau akaondoka nao. Kutwa nzima anaingia na kutoka katika vyumba vinavyofungika, akiwatandikia watu wanaohamahama kwa kupenda kwao.

Kwake yeye ufunguo haujawahi kufika.

Mumewe ni mlinzi, lakini si wa benki wala wa duka. Analinda nyumba zinazojengwa. Mwenye nyumba humwambia aje akae humo humo na mkewe na watoto wake, bure kabisa, ili saruji isiote miguu. Mafundi wamembatiza jina la Komandoo, kwa ajili ya firimbi yake na rungu lake. Katika maisha yake yote ya ulinzi amemkamata mwizi mmoja, ambaye aligundulika kuwa shemeji ya mwenye nyumba, na Komandoo akalazimika kumwomba radhi na kumsaidia kubeba nondo hadi kwenye gari.

Kazi hii ina kanuni moja ambayo haijawahi kuandikwa: unakaa ndani ya nyumba maadamu haifai kukaliwa na mtu. Siku inapoanza kufaa, unatoka.

Huingia kuta zikiwa zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, na paa likiwa ni turubai. Bati likipanda, wanafurahi kwa muda. Plasta ikianza, wanahama chumba hadi chumba mbele ya fundi, kama kuku mbele ya ufagio. Vigae vikija, wanasukumiwa gereji. Halafu inakuja rangi, na rangi haina mjadala. Fundi rangi akishuka kwenye baiskeli na magaloni yake, Mama Mashuka huanza kukunja mablanketi hata kabla mtu hajamsalimu. Watoto walikuwa wakimwita fundi huyo Mtoa Roho, na yeye, mtu mchangamfu asiye na kosa, alikuwa akishangaa kwa nini watoto wa saiti hawamchekei.

Mama Mashuka hazikumbuki nyumba walizopita kwa mitaa, anazikumbuka kwa viungo. Ipo Nyumba ya Nguzo. Ipo Nyumba ya Ngazi, iliyokuwa na ngazi nzuri sana ya kwendea mawinguni, kwa kuwa ghorofa yenyewe ilikuwa bado. Ipo Nyumba ya Bwawa, ambamo mwanawe wa kwanza alijifunzia kutembea ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na tone la maji, maana ndipo pekee alipokuwa hawezi kuangukia misumari. Mali yao yote imo ndani ya ndoo tupu za rangi. Ndoo ya rangi ina mfuniko, haipitishi mvua, haiuzwi, na hubebeka kichwani. Aliyeibuni hakujua kwamba amebuni kabati.

Huyo mwana wa kwanza sasa ni utingo wa lori. Wenye mapenzi mema husema amepata kazi inayomfaa. Wakati fulani alijaribu kutulia, akapanga chumba kizuri chenye dari, swichi ya taa na mlango wa kufunga kwa ndani. Alikirudisha kabla hata hajazoea harufu yake.

"Mama, kile chumba kimeisha kila kitu," alimwambia. "Nikilala nasikia kama wanakuja kunitoa."

Mama Mashuka alicheka, kwa kuwa kijana aliyasema kwa mzaha. Kisha akaenda nyuma ya rundo la matofali, akapiga ngumi ukuta wa watu mpaka mkono ukavimba. Mmoja ameshakwenda hivyo. Amebaki wa pili, binti, na juu ya binti huyu aliapa kwamba hatakwenda hivyo hivyo.

Binti alikuwa na akili. Tatizo ni kwamba kila shule aliyohamia ilikuwa imefika kwingine katika vitabu. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, sehemu za ua alifundishwa kila alikokwenda. Anaijua stameni kama anavyomjua shangazi yake. Kugawanya desimali, kwa upande wake, hakujawahi kukutana naye: kila shule ama ilikuwa imeshamaliza somo hilo, au italianza muhula ujao. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hana bidii ya kuzoeana na wenzake. Ni kweli hakuwa nayo. Alikuwa ameacha kuuliza majina. Aliyekaa naye dawati moja alimwita "wewe", alichagua kukaa karibu na mlango, na kila shule, bila kuambizana, watoto walimpa jina lile lile: Mgeni.

Kisha wakaangukia nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe alikwama. Alikwamia wapi, haikuwahusu. Mafundi walipotea, majani yakaota juu ya rundo la mchanga, na Komandoo akalinda ukimya. Kwa watu wengine ile ilikuwa hasara. Kwa Mama Mashuka zilikuwa siku za raha kuliko zote alizojaliwa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, na mtoto akawa bado yuko shule ile ile, mwalimu yule yule, dawati moja na binti wa msusi, ambaye alimwita Pacha na yeye akamwita Pacha. Alasiri moja alirudi mbio, hata viatu hakuvua.

"Mama! Mgeni amekuja!"

"Mgeni gani? Mbona sijapika?"

"Si huku, shuleni. Amekuja mtoto mpya, ndiye wanamwita Mgeni. Mimi sasa naitwa jina langu!"

Wiki ile ile Mama Mashuka alikuta ndoo ya mtoto imejaa maji ya kuogea. Nguo zake zilikuwa zimepangwa juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali, madaftari pembeni, kitana juu ya madaftari. Mtoto alikuwa amefungua mzigo. Mama alisimama akitazama ule ubao, akafurahi, kisha akajikasirikia kwa kufurahi.

Lori la vigae lilifika muhula wa mwisho, ukiwa umebaki mtihani wa kuvukia madarasa ya juu. Binti alikwishaurudia mwaka ule mara mbili katika shule nyingine, mara zote kwa sababu walihama mtihani ukiwa mlangoni. Mama Mashuka alimkuta mumewe getini.

"Lori la vigae limekuja."

"Nimeliona. Mimi ndiye niliyelifungulia."

"Ulilifungulia!"

"Sasa mama watoto, ningelifungia? Si ndiyo kazi yangu?"

"Mtoto ana mtihani, baba watoto."

"Nyumba si yetu."

"Na mtoto je? Ni wetu, au naye tunamlinda tu mpaka mwenyewe aje kumchukua?"

Komandoo aliipuliza firimbi yake taratibu kutoa vumbi, jambo alilolifanya kila alipoishiwa jibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameondoka kwenye nyumba nyingi kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa imemwingia mifupani.

Basi mwanamke akaenda mwenyewe kumwona mwenye nyumba. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kupanguswa kwa kitambaa. Alimkaribisha kiti.

"Mzee, sikuombi nyumba," alisema Mama Mashuka. "Nakuomba siku. Vigae viwekwe, mabomba yafungwe, sisi tutakaa hata gereji. Rangi tu, isubiri shule zifungwe."

"Lakini mama, nami natamani kuhamia. Mtu hajengi nyumba ili ikae tupu."

"Naelewa, mzee."

"Haya. Rangi mpaka shule zifungwe. Neno langu hilo."

Alirudi nyumbani kama mtu aliyebebwa. Alimketisha binti yake, akamshika mashavu, na kwa furaha akamwambia maneno ambayo baadaye angetamani ayameze. "Sikiliza. Safari hii rangi haiji mpaka shule ifungwe. Umenisikia? Wewe soma. Siku ukiona rangi, ujue shule imeshafungwa."

Mtoto aliitika. Alikuwa msikivu.

Kilichofuata ni kwamba idara ilichagua shule hiyo iwe mahali pa kusomea tamko, na mwalimu mkuu, kama mwalimu mkuu yeyote mwenye akili timamu, alitafuta rangi. Binti alifika asubuhi akakuta watu juu ya ngazi. Harufu ilimpokea tangu getini. Watoto wengine walikuwa wakiruka kwa furaha, maana waliambiwa wacheze nje. Yeye aliingia darasani, akatoa madaftari yake yote, akalifuta dawati kwa upindo wa sketi, akafagia chini yake. Kwao hawatoki mahali bila kufagia. Mama yake hataki ionekane kwamba hawakulelewa. Alimpa Pacha rula yake. Kisha akamwendea mwalimu wa darasa, aliyekuwa anahangaika na vyungu vya maua, akampa mkono na kumwambia maneno ambayo baba yake huwaambia wenye nyumba:

"Tunashukuru kwa kukaa nasi vizuri."

"Haya, mama, nenda salama," alisema mwalimu, akiwa na chungu mkono wa pili.

Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Siku zilizofuata Mama Mashuka aliondoka alfajiri kwenda kwenye mashuka yake na kurudi jioni. Komandoo, ambaye mchana hulala, alimwona mtoto nyumbani akadhani wamepewa mapumziko kupisha rangi. Kama si msusi, mama yake Pacha, hakuna ambaye angejua. Walikutana njiani asubuhi ile ile ya mkutano.

"Makubwa! Shoga, si mmehama? Umesahau nini tena?"

"Tumehama wapi?"

"Mwanangu amelia wiki nzima, chakula hali. Ati pacha wake ameondoka, kamwachia rula."

Mama Mashuka hakuaga. Kazini hakufika. Alipanda ngazi za ghorofa ile mbili mbili, akamkuta binti yake chumba cha juu, sare mwilini, mkoba mgongoni, ameketi juu ya ndoo yake iliyofungwa mfuniko. Ule ubao ulikuwa mtupu. Vigae vilikuwa vimefagiliwa vikang'aa.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri mkokoteni."

"Mkokoteni gani! Shule huendi?"

"Imefungwa."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema nikiona rangi, nijue shule imefungwa. Rangi imekuja, mama. Wamepaka mpaka ofisi ya mwalimu mkuu."

"Na wenzako? Mbona wenzako wanaendelea kusoma mle mle, kwenye hiyo hiyo rangi?"

Mtoto alimtazama kwa aina ya huruma, kama mtu mzima anayelazimika kumweleza mtoto jambo. "Wenzangu wanakaa," alisema. "Sisi ndio wa kuondoka."

Hapo ndipo alipomshika kifundo cha mkono, na ndivyo walivyofika kwenye mkutano wakiwa wanahema, tamko likiwa linaanza.

Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama nyuma, zamu yake ikiwa ni kuwanyamazisha watoto.

"Mwalimu, mtoto wangu huyu hapa. Hakuhama."

"Alituaga, mama. Alituaga vizuri sana, tena hata tulimsifu ofisini." Mwalimu alishusha sauti. "Watoto wa walinzi huwa wanaondoka. Wengi hata hawaagi. Jina lake tulishalitoa, na namba yake ya mtihani tumempa mtoto mwingine."

"Mliuliza anakwenda wapi?"

"Mama, mgeni rasmi anazungumza."

"Nakuuliza mwalimu! Mtoto anasimama mbele yako katikati ya muhula, anakupa mkono, anaondoka peke yake na mkoba. Ungemwona mbuzi anaondoka hivyo, si ungeuliza ni wa nani?"

Sauti yake haikuwa imeombwa, lakini ilifika mbele. Afisa alikuwa ameshapita penye hazina na penye ushuru. Alinyanyua macho. Watu waligeuka, wakiwamo waliokaa viti vyenye vitambaa, na miongoni mwao Mama Mashuka aliuona uso mpole wa mwenye nyumba, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amepigia makofi sentensi ya ushuru kuliko mtu yeyote. Alimtazama, naye mwenye nyumba akapata jambo la kutazama kwenye kiatu chake. Hapo mwanamke alijua kwamba neno lile alilopewa limeshauzwa, na hasira yote ya Nyumba ya Nguzo na ya Ngazi na ya Bwawa ikampanda kwa pamoja.

"Kuna swali pale nyuma?" alisema afisa, ambaye alikuwa amefundishwa kupenda wananchi.

"Lipo. Umesema nyumba ikikamilika ni familia moja imepata makazi. Ile familia iliyokuwa inakaa humo nyumba ikiwa haijakamilika, nayo mnaiandika wapi?"

Mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi la kisogo. Afisa aliinamiana na karani wake.

"Hilo ni swali zuri sana," alisema. "Limechukuliwa." Na kweli karani alionekana akilichukua. "Mama ana shida gani hasa?"

"Mtoto wangu arudishiwe namba yake ya mtihani."

"Arudishiwe!" alisema afisa, kwa mkono ulionyooka. Mpiga picha aliomba aseme tena. Akasema tena. Makofi yakavuma, mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili. Asubuhi ya kwanza Mama Mashuka alimsindikiza binti yake hadi darasani, akasubiri mpaka akaketi, akarudi saiti badala ya kwenda kazini. Alikuwa na hisia yake. Haikumdanganya: baiskeli ya fundi rangi ilikuwa imeegemea ukuta, na magaloni yamepangwa kwenye varanda.

Hakufikiri sana. Mtoto angerudi mchana. Akiona brashi moja tu imegusa ukuta, angeifunga ndoo yake, angefagia, na kesho yake hakuna ambaye angemrudisha darasani kwa siku ya pili, hata kwa kamba. Kwa hiyo Mama Mashuka aliichukua ngazi ya fundi, akailaza chini katikati ya sebule, akaikalia. Alikuwa na shuka la nyumba ya wageni la kutia pindo. Akatunga uzi.

"Shemeji," alisema fundi rangi, "hiyo ni ngazi."

"Najua."

"Ni ya kupandia."

"Mimi naikalia."

"Shemeji, mimi nalipwa kwa ukuta, silipwi kwa saa. Nikikaa nakutazama ukishona, wanangu watakula pindo?"

"Wanao wanakaa wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu wazaliwe."

"Basi watavumilia mpaka kesho saa sita."

Fundi alikuna kichwa. Alikwenda akachanganya rangi, akaifunika, akaifunua, akaichanganya tena, akaenda kulala varandani. Magaloni aliyafunika kwa turubai, kwa kuombwa. Mchana mtoto alirudi, hakuona kitu, akala, akasoma. Harufu ilikuwapo kidogo. Mama alichoma vipande vya mbao uani, akausukumia moshi ndani mpaka wote wakatokwa machozi, na Komandoo akauliza kama wanafukuza mbu.

Siku ya pili alikuja mwenye nyumba mwenyewe. Alisimama mlangoni, sauti yake ikiwa bado imepanguswa.

"Mama, unanitia hasara."

"Ulinipa neno, mzee."

"Nilikupa, sikatai. Lakini mambo yamebadilika. Tamko limetoka, na mwezi ndio huu unakwisha."

"Nilikuwepo. Nilisikia. Makazi ya kudumu."

"Usinifanye mtu mbaya. Miaka yote hii mmekaa bure."

"Bure!" Alicheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri kukisikia. "Mzee, mimi nina mtoto anayelala ndani ya lori. Nina mwingine ambaye akiona mtu na brashi, anaaga. Hiyo ndiyo bure tuliyokaa. Nenda kaihesabu vizuri."

Mwenye nyumba aliona kwamba na mwanamke huyu hawezi. Alimgeukia mumewe. "Mlinzi, mtoe mkeo kwenye ngazi."

Komandoo alisimama wima. Aliishika firimbi, akaitazama, akaipuliza kutoa vumbi. Ilionekana kwamba yamekwisha. Kisha akasema, kwa adabu yake ile ile:

"Bosi, mimi niliajiriwa kulinda vitu visiibiwe. Ngazi haijaibiwa. Ile pale."

Fundi rangi alilazimika kutoka nje ili akohoe. Mwenye nyumba alimwambia Komandoo kwamba kazi imekwisha, leo hii, jua lisizame wakiwa humo. Komandoo alisema sawa. Mama Mashuka aliendelea na pindo, kwa mishono iliyokuwa mibaya kuliko yote aliyowahi kuishona, na baadaye ilimbidi aifumue.

Binti alirudi saa sita na ushee. Alisimama mlangoni akawaona wote: mama juu ya ngazi, baba na firimbi, fundi na kofia yake ya gazeti.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Ile ya kugawanya ilikuwepo."

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha nafasi."

Mama Mashuka alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alimsukumia fundi ngazi kwa mguu. "Haya, shemeji. Paka." Fundi aliipokea bila kumtazama usoni, akaenda kuanzia chumba cha mbali kabisa. Mtoto hakuuliza neno. Alikwishaufuata ufagio.

Sasa wako upande mwingine wa mji, katika nyumba iliyofika kwenye lenta. Binti alifaulu, msusi ndiye aliyeleta habari. Alipangiwa nafasi katika shule ya madarasa ya juu, ile iliyo mtaa wa pili kutoka kwenye ghorofa, mbali mno kwa mtoto kutembea kila siku kwenda na kurudi. Mwalimu mkuu wa huku alieleza kwa upole kwamba nafasi haihamishiki, na kwamba kurudia mwaka si adhabu, ni fursa. Mama Mashuka alimjibu maneno ambayo mwalimu mkuu huyo ameomba yasirudiwe. Mtoto anarudia. Wiki ya kwanza wamefundishwa sehemu za ua. Wanamwita Mgeni, naye anaitika.

Karani wa idara alipita kwenye ghorofa ile mwezi ulipokwisha, akagusa ukuta kwa kidole, akaona umekauka, akaandika: familia moja. Mama Mashuka hupita hapo kila asubuhi akienda kwenye mashuka. Geti lina kufuli, na jua limeshaanza kuichubua rangi upande wa barabarani. Mwenye nyumba hakuhamia, wala hakupangisha. Mtu wa mwisho kulala mle ndani ni binti wa Mama Mashuka.